Nitabakije na matumaini bila kujidanganya?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 34, naishi Mwanza. Kwa miaka sita nilikuwa karani wa takwimu kwenye CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, nikilipwa na mradi uliotegemea fedha za Marekani. Januari 2025 tuliambiwa tusimamishe kazi, Februari mkataba ukavunjwa. Tuna kundi la WhatsApp la waliokuwa wafanyakazi wa mradi, na kila wiki anatokea mtu anasema tutarudishwa. Nimesubiri mpaka nimechoka. Mume wangu anafundisha shule binafsi na mshahara unachelewa. Tuna watoto wawili, mama yangu kijijini ananitegemea, na nina deni la kikoba ambalo limenifanya niache kuhudhuria vikao. Dada yangu ananiambia niwe na mawazo chanya, mchungaji anasema mwaka huu ni wangu. Nawapenda wote wawili, ila nikirudi nyumbani nakuta hali ni ileile. Kuna usiku nalala nikitamani kusikuche. Je, mtu anawezaje kubaki na matumaini bila kujidanganya?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha.

Nianze na lile ulilolitaja karibu na mwisho, la kulala ukitamani kusikuche. Wapo wanaosema hivyo kwa uchovu tu, wakitamani kupumzika na madeni na simu za wadai. Wapo pia wanaosema hivyo wakiwa wameanza kufikiria kufa. Siko mbele yako nikutazame usoni, kwa hiyo nakuuliza waziwazi: je, umewahi kufikiria kujiua, au kuwaza namna ya kufanya hivyo? Kama jibu ni ndiyo, hata kwa mbali, acha kusoma hapa. Mwambie mumeo au dada yako leo hii, kwa maneno hayohayo, na mmoja wao akusindikize hospitali. Hapo Mwanza kuna Bugando na kuna Sekou Toure. Ukifika mapokezi sema unataka kuonana na daktari wa afya ya akili. Umefanya kazi kliniki miaka sita, unajua vizuri tofauti kati ya mgonjwa aliyekuja mapema na aliyeletwa akiwa amebebwa.

Kama jibu ni hapana, tuendelee, ila uwe macho na hili: usingizi ukikataa, chakula kikakosa ladha, na vitu ulivyokuwa unavipenda vikakuchosha kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, nenda hospitali vilevile. Huo unakuwa ugonjwa, unatibika, na hautibiwi kwa kusoma majibu ya mtu kama mimi.

Sasa swali lenyewe. Inawezekana kabisa kuwa na matumaini bila kujidanganya, kwa sharti moja: matumaini yako uyaondoe kwenye habari unayoisubiri uyahamishie kwenye jambo unalolifanya kwa mikono yako. Yote nitakayosema hapa chini ni kuifafanua kauli hiyo.

Naona katika barua yako unajihesabu kuwa dhaifu. Kupoteza kazi kunauma, lakini kinachokumaliza zaidi ni kutojua. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio ninalolikumbuka kila ninapokaa na mtu aliye katika hali yako. Waliwaweka watu 45 mbele ya kompyuta, wakawaonyesha picha za mawe, wakawataka wakisie kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mtu anapigwa shoti ya umeme mkononi, ndogo lakini yenye maumivu. Muda wote huo walikuwa wakipima jasho na mboni za macho yao ili kujua mwili umefadhaika kiasi gani. Ungetegemea mtu ateseke zaidi pale anapojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ikawa kinyume. Mateso yalifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwamba hakwepi alitulia kuliko aliyebaki kubahatisha.

Kundi lenu la WhatsApp linakuweka palepale kwenye nusu kwa nusu. Nayajua makundi ya namna hiyo kwa sababu wateja wangu hunionyesha. Alfajiri simu inatetemeka, kuna sauti ya dakika mbili ambayo hakuna anayejua nani aliirekodi: kuna mtu wa Dodoma amesema, mwezi ujao wanaita watu, wenye uzoefu ndio watakaoanza. Moyo unaruka. Unasoma majibu yote mpaka chini, mmoja anasema amina, mwingine anasema hizo ni porojo, saa moja imepita na uji wa watoto haujaiva. Jioni umeshuka moyo kuliko ulivyoamka. Kesho yake inaanza upya. Hakuna mwili wa binadamu unaoweza kuishi hivyo miezi kadhaa ukabaki na nguvu, kwa hiyo acha kujilaumu.

Tuyatazame yanayojulikana. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Watu wengi walizishika siku hizo 90 kama ahadi kwamba zikiisha kazi itaendelea. Zikiwa bado hazijaisha, maelfu ya mikataba ikavunjwa mwezi Februari. Tarehe 10 Machi waziri wao wa mambo ya nje akatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likaacha kuendesha misaada, na kilichobaki kikahamia kwenye wizara hiyo. Baadhi ya huduma za VVU ziliruhusiwa kuendelea kwa vibali maalumu, na nafasi nyingine zinaweza kutokea kupitia serikali au wafadhili wengine. Lakini mwajiri unayemsubiri akupigie simu, kwa sura ile uliyoizoea, hayupo tena.

Naandika hivyo nikijua inavyochoma, na nisingependa uisome kisha ukimbilie kupanga mipango. Kuna kitu kimekufa hapo na hakijaliliwa. Miaka sita uliwajua wateja kwa namba na kwa sura. Ulijua nani ameacha dawa kwa aibu, nani amehamia kisiwani kuvua na lini atarudi kuchukua za miezi ijayo. Siku mliyoambiwa mwondoke hakuna aliyewaandalia hata chai ya kuagana. Kaeni wawili watatu mliofanya kazi pamoja, nyumbani kwa mmoja wenu, mkumbuke kazi ile na watu wake, mlie kama kilio kipo. Msiba usiokaliwa matanga hukaa ndani ya mtu ukamla polepole.

Baada ya hapo, panga tarehe ya kuacha kusubiri. Chagua siku moja ndani ya mwezi huu, iandike ukutani, na siku hiyo ikifika kundi la WhatsApp ulinyamazishe. Usijitoe kama hutaki kugombana na watu. Muombe mwenzako mmoja unayemwamini, asiyependa porojo, akupigie siku itakapotoka barua yenye mhuri au tangazo kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Habari ya kweli haitakupita kwa sababu hukusikiliza sauti za alfajiri. Nalitilia mkazo jambo hili kuliko yote, kwa sababu nimeona watu wenye akili na elimu kubwa wakipoteza mwaka mzima, na kilichowashinda ni kwamba kila walipotaka kuanza kitu, kundi liliwaambia subiri kidogo.

Nije kwa dada yako na mawazo chanya. Anakupenda, na nusu ya anachosema ni sahihi. Nusu nyingine ina hatari. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gabriele Oettingen, na mwenzake waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta kazi. Waliwauliza mambo mawili tofauti: unaona una uwezekano gani wa kupata kazi, na je, ni mara ngapi unajikuta ukiota ndoto tamu za kuipata? Miaka miwili baadaye, waliokuwa na matarajio mema walikuwa wamefanya vizuri zaidi. Lakini waliokuwa wakiota sana ndoto tamu walikuwa wametuma maombi machache, wameitwa kazini mara chache na mishahara yao ilikuwa midogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002, na maelezo ya Oettingen ni kwamba mwili haujui sana kutofautisha kuota na kupata. Ukikaa kitandani ukajiona umeshakaa kwenye ofisi mpya, mwili unalegea kama aliyefika safari yake, na nguvu ya kutoka nje kwenda kutafuta inakwisha.

Kwa hiyo dada yako akikuambia utafanikiwa, muulize: kwa njia ipi? Usimuulize kwa kumkomoa. Muulize kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yenye msaada yanapoanzia. Anaweza akakumbuka kwamba jirani yake ana zahanati.

Mchungaji naye simpingi. Imani imewainua watu wengi ninaowafahamu kutoka mahali ambapo maneno ya kitaalamu yasingefika. Ninachokuomba ni umpe hali halisi. Nenda umuone siku ya kazi, mwambie deni ni kiasi gani, kodi inaisha lini, unatafuta kazi ya namna gani. Kanisani wamo wenye maduka ya dawa, wenye shule, wenye mashine za kusaga, na wengi wao hawajui kama wewe huna kazi kwa sababu Jumapili unavaa vizuri unatabasamu.

Profesa C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas ndiye aliyenisaidia mimi kulielewa jambo hili. Tangu mwaka 1991 alikuwa akiandika kwamba mtu mwenye matumaini ana vitu vitatu: anajua anakotaka kufika, anaona njia zaidi ya moja za kufika, na anaamini ana nguvu ya kuanza kutembea. Kimoja kikikosekana, matumaini yanadhoofu hata kama moyo ni mwema. Ukisoma barua yako kwa jicho hilo utaona kwamba nguvu bado unayo, maana mtu aliyeishiwa nguvu kabisa haandiki barua kama ile. Kilichokosekana ni njia. Ulikuwa nayo moja tu, ya kurudishwa kazini, na ilipozibwa ukabaki umesimama palepale. Kazi yetu basi ni kutafuta njia nyingine, tena zaidi ya moja, ili moja ikiziba usirudi hapo ulipo leo.

Kabla ya njia, niseme kitu kuhusu kukosa nguvu asubuhi, kwa sababu naamini kipo hata kama hukukiandika. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliwafanyia mbwa majaribio ambayo ni magumu kuyasoma. Mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia, baadaye walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kifupi wakaokoka, wengi wao walilala chini wakavumilia. Watafiti wakasema mbwa hao wamejifunza kukata tamaa, na maelezo hayo yakafundishwa vyuoni kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2016, baada ya utafiti mwingi juu ya ubongo, watu haohao wawili wakaandika kwamba walikuwa wameligeuza jambo. Kulegea na kulala chini hakufundishwi; ndivyo mwili unavyojibu wenyewe pale mateso yanapokuwa marefu. Kinachofundishwa ni kule kujua kwamba naweza kufanya kitu kikabadilika. Ubongo ukilipata somo hilo, unauzuia ule ulegevu.

Naliona hili kuwa jambo kubwa mno kwa mtu kama wewe. Maana yake ni kwamba kukosa kwako nguvu hakuonyeshi wewe ni mtu wa namna gani. Na maana yake ni kwamba usisubiri nguvu zije ndipo uanze. Unaanza na kitu kidogo sana, unakiona kimebadilika kwa sababu yako, na nguvu zinafuata nyuma. Kitu hicho kiwe na mwanzo na mwisho na kiishe siku hiyohiyo. Kupiga pasi nguo zote za shule. Kwenda kwa mwajiri wako wa zamani, kama ofisi bado ina mtu, kudai cheti cha utumishi ambacho sheria ya kazi inakupa haki ya kukipata mkataba unapokwisha. Kupanda mchicha kwenye viroba nyuma ya nyumba. Usicheke udogo wake. Jioni, kabla hujalala, mwambie mumeo kwa sauti: leo nimemaliza hiki.

Zimbabwe wamelifanya hili kwa namna ninayoiheshimu sana. Daktari wa akili anayeitwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare jijini Harare, akiwa na bibi 14 na mabenchi nje ya zahanati, kwa sababu madaktari wa akili nchini walikuwa wachache mno. Mradi unaitwa Friendship Bench. Mtu mwenye mawazo anakaa benchi moja na bibi aliyepewa mafunzo. Bibi hamwambii jipe moyo. Anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwomba ataje matatizo yake yote, wachague moja tu, na wapange hatua ndogo anayoweza kuichukua kabla hawajaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulikuta kwamba baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida nusu walikuwa bado na dalili za sonona, na kati ya waliokaa na bibi walikuwa asilimia 14.

Basi tukae benchi, mimi na wewe. Matatizo yako kama ulivyoyaandika ni kazi, deni la kikoba, mshahara wa mumeo unaochelewa, mama kijijini, na kusubiri. Kusubiri tumeshakuwekea tarehe. Katika yaliyobaki, najua wengi wangekuambia anza na kazi. Mimi naanza na kikoba. Kazi haiko mikononi mwako peke yako, inamhitaji mtu wa kukuajiri. Kikoba kinakuhitaji wewe tu kunyanyuka. Halafu deni lile limekufungia ndani: umeacha vikao, huenda unapita njia ya nyuma usikutane na mweka hazina, na wale wanawake ndio haohao ambao wangejua nani anatafuta mtu wa kutunza daftari la duka. Deni hilo limekukata na watu, na mtu aliyekatwa na watu hapati njia.

Usiende kwenye kikao kujitetea mbele ya wote. Mtafute mwenyekiti au mweka hazina siku moja kabla, peke yake. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Dada, samahani kwa kunyamaza. Kazi yangu ilikwisha Februari, nikaona aibu kuja mikono mitupu. Deni nalikumbuka na sijalikimbia. Marejesho ya zamani siyawezi kwa sasa. Naweza kuleta kiasi hiki kila wiki, nimeanza na hiki hapa. Naomba uniombee kwa wenzetu wanisogezee muda na wanisamehe faini." Uwe na hela mkononi unaposema, hata kama ni elfu mbili, maana hela mkononi inasema kuliko maneno. Anaweza kukubali, anaweza kufoka kwanza ndipo akubali. Vikoba vingi ninavyovijua vinampendelea mdaiwa anayejitokeza kuliko anayezima simu.

Na uandike lini na wapi. Mtafiti Peter Gollwitzer ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu anayepanga "ikiwa hivi, nitafanya hivi" hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Kwa hiyo usiandike "nitaongea na mwenyekiti wiki hii". Andika "Ijumaa nikishawapokea watoto, kabla sijavua viatu, nitaenda kwake". Na uongeze: "nisipomkuta, nitamwachia mwanawe ujumbe kwamba narudi Jumamosi asubuhi." Aibu hupenda sana kupewa nafasi ya kusema basi nitarudi siku nyingine.

Jambo moja nikusihi kwa dhati: usilipe deni la kikoba kwa kukopa mikopo ya kausha damu, wala ile ya kwenye simu inayotishia kuwapigia ndugu zako. Na kama hujafuatilia fao la kukosa ajira NSSF, nenda ofisini kwao na kitambulisho, namba yako ya uanachama na barua ya kusitishiwa mkataba, ukaulize masharti na unachostahili. Wapo wengi waliochangia miaka mingi hawajui kama fao hilo lipo.

Sasa kazi. Watu watakuambia jiajiri. Sipendi neno hilo linavyorushwa kwa watu walioachishwa kazi, kana kwamba mtaji unaokotwa na kila mtu ameumbwa kufanya biashara. Wengine ni waajiriwa wazuri na hakuna aibu katika hilo. Hata hivyo kuna kitu cha kuchukua kutoka Lomé, Togo. Huko watafiti, akiwemo mwanasaikolojia Michael Frese, waliwagawa wenye biashara ndogo 1,500 katika makundi matatu. Kundi moja halikufundishwa kitu. La pili lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, hesabu na masoko. La tatu lilifundishwa tabia: kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele shida na nafasi zijazo, na kutoacha linapokwama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika miaka miwili iliyofuata, faida ya waliofundishwa tabia ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. Ya waliofundishwa hesabu na masoko ilikuwa juu kwa 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Hao walikuwa tayari na biashara zao, kwa hiyo sikuambii matokeo yatakuwa yaleyale kwako. Ninachokiona hapo ni kwamba kule kuanza bila kusubiri kuambiwa kunafundishika kwa mtu mzima, na ndicho hasa ambacho kazi ya mradi, kwa miongozo na ripoti zake, haikukudai sana.

Kaa chini na daftari uandike unachokijua, usiandike cheo. Cheo chako cha karani wa takwimu wa mradi kimekwisha. Unachokijua hakijaisha. Unajua kuingiza taarifa za mamia ya watu bila kukosea namba. Unajua kugundua nani hakuja siku yake na kumtafuta bila kumtangaza. Unajua kutunza siri, na hiyo watu huilipia. Unajua kuandaa ripoti ya mwisho wa mwezi ikafika kwa wakati. Halafu tembea mjini kwako ukiuliza swali moja: nani hapa anaumia kwa kukosa vitu hivi? Zahanati binafsi ambayo kumbukumbu zake zimechanganyika. Shule isiyojua nani amelipa ada na nani bado. Anza na ya mumeo, huenda hata mshahara unachelewa kwa sababu ada hazifuatiliwi. SACCOS. Duka la dawa ambalo dawa zinaisha muda rafuni kwa sababu hakuna anayefuatilia. Nenda kwa mmoja, mwombe umsafishie kumbukumbu za mwezi mmoja kwa malipo madogo mnayokubaliana kabla hujaanza, aone kazi yako. Huku hilo likiendelea, maombi ya Ajira Portal uyatume kila nafasi inapofunguliwa, na njia ya tatu uiweke akiba, ile ambayo ukiniandikia utanitajia wewe, kwa sababu mimi sikijui kipaji chako kingine. Watatu wanaweza kukukatalia. Ukishakataliwa, rudi kwenye daftari uandike walisema nini, maana sababu ya kukataa mara nyingi inaonyesha kipi cha kurekebisha au mlango gani wa kuhamia.

Watoto waambieni. Mtoto wa miaka tisa au kumi anajua kuna kitu, na asipoambiwa anajitungia mwenyewe, tena kibaya zaidi. Wengine hudhani wazazi wanaachana, au kwamba wao ndio kosa. Inatosha kusema: mama hana kazi kwa sasa, tutapunguza baadhi ya vitu, chakula na shule tunavishughulikia, ukiwa na swali uliza. Usiwaahidi Krismasi mambo yatakuwa mazuri kama hujui. Mama yako kijijini naye mpigie mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani. Mwambie kiasi unachoweza kutuma sasa, kiwe kidogo cha uhakika. Wazazi wetu wamepita njaa na vita na vijiji kuhamishwa. Mara nyingi wanabeba habari mbaya kuliko tunavyowadhania, na anaweza kukuuliza kwa nini hukumwambia tangu Februari akutumie gunia la mihogo.

Siwezi kukuambia kama mwaka huu ni wako. Kuna siku utafanya yote haya na jioni bado utalia, na kuna wiki itakayokurudisha nyuma. Siku hizo punguza ukubwa wa hatua, usiiache: kama kwenda zahanati mbili kumekushinda, piga simu moja.

Kwa hiyo wiki hii ni mambo mawili tu. Andika ukutani tarehe ya kunyamazisha kundi, na Ijumaa nenda kwa mwenyekiti wa kikoba. Kisha niandikie alichokujibu, na orodha ya unavyovijua, tuchague pamoja mlango wa kwanza wa kugonga.